Usifukuzwe Bila Kusikilizwa: Kazi ya Serikali na Kazi ya Kampuni

SOMO LA WIKI

Maandiko ya kusoma nyumbani: Mwanzo 3:8–24, Mwanzo 39, Yohana 7:45–52, Matendo 16:35–39, Yakobo 5:1–6



Katika maombi yetu ya mkesha kuna ombi moja ambalo halikosi: "Bwana, nipe kazi ya serikali." Anayeomba mara nyingi tayari ana kazi. Yuko hotelini Watamu, au kwenye duka la vifaa vya ujenzi Malindi mjini, au kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni na Marereni. Lakini machoni pake hiyo si kazi, ni stendi ya kungojea kazi. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia: "Huku naweza kupigwa kalamu saa yoyote. Serikalini hakuna wa kunigusa."

Kuomba kazi ya serikali si dhambi. Danieli alikuwa mtumishi wa serikali, tena wa ngazi ya juu. Lakini nimeona familia ikiuza kipande cha shamba ili kumpa mtu "kitu kidogo" aingize kijana kaunti. Shamba likaenda, yule mtu akazima simu, na kijana alikuwa ameshaacha kazi yake ya dukani. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa hiyo wiki hii tuliangalie jambo hili kwa macho makavu: je, ni kweli kwamba wa serikali hafutwi na wa kampuni hana haki?

1. Kila upande una mawimbi yake

Hofu ya kazi ya kampuni ina sababu, na sisi wa Pwani tunaijua. Wazee wa Kilifi wanakumbuka kiwanda cha korosho kilivyosimama miaka ya 1990, wafanyakazi wakarudi nyumbani na wakulima wakabaki na korosho zao. Watu wa hoteli wanajua mwezi wa Mei: mvua ya masika inanyesha, wageni hawapo, na watu wanaambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Machi 2020, serikali iliposimamisha ndege za abiria kutoka nje kwa sababu ya korona, hoteli zilifunga milango na wengi hawakuitwa tena.

Lakini upande wa pili nao una mawimbi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 serikali ya Kenya ilianza kupunguza watumishi wake. Kwanza walishawishiwa kustaafu mapema kwa hiari, kisha mwaka 2000 wengine wakapunguzwa bila kuulizwa hiari yao. Siku hizi nako kuna kazi nyingi za serikali zisizo za kudumu. Wahudumu wa afya wa mpango wa UHC walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020 wamelia miaka na miaka wakitaka ajira ya kudumu. Walimu wa JSS waliowekwa kwa mkataba wa mafunzo waligoma mwaka 2024 wakidai jambo hilo hilo. Na waziri wa kaunti anaweza kuondolewa na gavana aliyemteua.

Basi, ndugu yangu, ukisikia "kazi ya serikali" uliza kwanza: ni ya kudumu na pensheni, au ni mkataba? Mkataba wa miaka mitatu ni miaka mitatu, hata karatasi yake ikiwa na nembo ya taifa.

2. Sheria ni moja, njia ni mbili

Wengi hawajui hili: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamfunga mwajiri wa kampuni na inaifunga serikali pia. Walio nje yake ni wachache, kama wanajeshi, polisi, askari wa magereza na NYS, ambao wana sheria zao. Na juu ya sheria hiyo ipo Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini.

Kiini cha sheria hiyo ni mambo mawili. La kwanza, mwajiri awe na sababu ya kweli ya kukuachisha, na anayetakiwa kuithibitisha ni yeye. La pili, kabla hajakuachisha kwa sababu ya makosa, kazi duni au kushindwa kwa afya, ni lazima akueleze sababu hiyo kwa lugha unayoielewa na akusikilize. Una haki ya kuingia na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Hata ukishukiwa wizi, kosa la kufutwa papo hapo, bado ni lazima usikilizwe kwanza.

Tofauti iko kwenye urefu wa njia. Katiba, kifungu cha 236, inasema mtumishi wa umma asifutwe bila utaratibu wa sheria. Mtumishi wa kaunti ana bodi ya utumishi ya kaunti, na asiporidhika anakata rufaa kwa maandishi kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90. Akiruka hatua hiyo na kukimbilia mahakamani, anaweza kurudishwa mlangoni. Kwa hiyo wa serikali hufutwa polepole, kwa barua nyingi. Wa kampuni anaweza kufutwa asubuhi moja, kisha ndipo atafute haki yake kwa ofisa wa leba, kwa chama, au Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inaketi hata hapa Malindi. Malalamiko ya kufutwa isivyo haki yanapelekwa kwa ofisa wa leba ndani ya miezi 3, na kesi ya mahakamani ina muda wa miaka 3. Ukishinda, mahakama inaweza kuamuru ulipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Kibarua naye hajasahauliwa. Ukifanya kazi ya kutwa mfululizo, siku zako za kazi zikafikia jumla ya mwezi mmoja au zaidi, sheria inakuhesabu kama mtu wa mshahara wa mwezi, anayestahili notisi ya siku 28. Na kampuni ikipunguza watu kwa sababu kazi imepungua, notisi ni ya mwezi mmoja, ofisa wa leba ajulishwe, siku za likizo ulizobakiza zilipwe, na kila mwaka uliotimiza ulipwe mshahara wa siku zisizopungua 15.

3. Sheria hii ilianzia wapi?

Wakubwa walipotaka kumhukumu Bwana Yesu akiwa hayupo, Nikodemo aliwauliza swali fupi: je, torati yetu inamhukumu mtu kabla ya kumsikia? Hakuna aliyemjibu swali lake. Walimbeza tu kwamba labda naye ni wa Galilaya. Mtu akishindwa kujibu swali, huanza kumshambulia aliyeuliza. Tumeyaona hayo maofisini.

Rudi nyuma zaidi, mpaka bustanini. Mungu alijua kila kitu Adamu alichotenda. Hakuhitaji shahidi. Lakini kabla ya kumtoa Edeni alimwita, akamuuliza yuko wapi, akamuuliza kama amekula, akamgeukia mwanamke akamuuliza naye. Ajuaye yote alisikiliza kwanza. Sasa meneja asiyejua hata nusu ya mambo yaliyotokea usiku stoo anapata wapi ujasiri wa kumfukuza mtu kupitia mlinzi wa geti?

Yusufu ni mfano wa upande mwingine. Nyumbani kwa Potifa alikuwa mwaminifu, lakini baada ya neno la mke wa bosi hatusomi mahali popote kwamba aliulizwa lake. Alitoka kazini moja kwa moja hadi gerezani. Mungu alikuwa pamoja naye hata huko. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini kuwa Mungu alimtetea Yusufu hakumfanyi Potifa kuwa mwenye haki.

4. Je, muumini adai haki yake?

Kuna wapendwa husema, "Mimi namwachia Mungu." Ni neno zuri, lakini tumsome Paulo. Kule Filipi alipigwa na kufungwa bila hukumu. Asubuhi wakubwa wakatuma watu wamtoe kimya kimya. Paulo akakataa: yeye ni raia wa Rumi, wamempiga hadharani bila kumsikiliza, waje wenyewe wamtoe. Hakutukana wala hakuleta vita. Alitaja sheria, akasimama hapo. Baadaye mbele ya Festo alikata rufaa kwa Kaisari. Kumwamini Mungu hakukumzuia kujua haki yake.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika hoteli moja ya pwani hii, na niliingia na wenzangu kwenye vikao hivyo. Namkumbuka kijana wa stoo aliyedaiwa kreti za soda. Kila mtu alikuwa amekwisha kumhukumu. Alipopewa nafasi ya kusema, alitoa kitabu chake kidogo cha kuandikia: kreti zilitoka usiku kwenda jikoni, na sahihi ya aliyezichukua ilikuwepo. Kikao kikaisha. Nusu saa ya kusikilizwa iliokoa mshahara uliokuwa ukisomesha watoto watatu. Namkumbuka na mwingine, aliyefutwa getini. Hakuwa na barua ya ajira, wala slipu, wala nakala ya chochote. Tulimtafutia njia, lakini ilikuwa ngumu sana.

Kwa hiyo, mpendwa, fanya haya ungali kazini: weka nyumbani nakala ya barua ya ajira, slipu za mshahara na kila barua ya onyo. Ukiandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza, jibu kwa maandishi, kwa adabu, kwa wakati. Ukifutwa, usitie sahihi karatasi ya malipo ya mwisho kabla hujaielewa. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya hapa Pwani, ilikubali kwamba karatasi kama hiyo ikitiwa sahihi kwa hiari inaweza kufunga dai lako lote. Omba cheti cha utumishi. Na zaidi ya yote, uwe kama Danieli: maadui zake walichunguza kazi yake wakakosa kosa. Sheria haimlindi mvivu wala mwizi, na kanisa lisimfichie.

5. Na wewe, mwajiri

Neno hili la mwisho ni letu sote. Wengi wetu tunaosoma somo hili tumeajiri: dada wa nyumbani, kijana wa dukani, mlinzi, dereva wa boda, wa kuchunga mbuzi. Dada wa nyumbani naye yumo ndani ya sheria ile ile. Sukari ikipungua, je, unamuuliza, au unamtupia mfuko wake nje saa mbili usiku? Mshahara wake wa mwezi uliokatika uko wapi? Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele zake zimefika masikioni mwa Bwana. Haitakuwa na maana kukesha tukiomba Mungu atupe bosi wa haki huku jikoni kwetu kuna mtu anayeomba hivyo hivyo juu yetu.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni nini kinachotufanya tudharau kazi tuliyo nayo tukingojea ya serikali?
2. Soma Yohana 7:51. Swali la Nikodemo linakuhusu vipi kazini, na nyumbani kwako?
3. Je, kuna mmoja wetu aliyefutwa kazi mwaka huu? Kikundi chetu kimemsikiliza na kumsaidia vipi?

Tuombe: Bwana, wape kazi wasio nayo, uwalinde walio nayo, na utufanye watu wa kusikiliza kabla ya kuhukumu. Katika jina la Yesu. Amina.