Mti Mdogo wa Maua Mbele ya Nyumba: Namna ya Kuuchagua



Watu hufika ofisini kwetu kuuliza habari za mbegu na dawa ya kupe, na wengine, wakiwa wameshasimama mlangoni kwenda zao, huongeza swali moja: "Bwana karani, mti gani wa maua wafaa mbele ya nyumba?" Huuliza kwa haya kidogo, kana kwamba kupenda maua si kazi ya mkulima. Hakuna aibu. Lakini swali lenyewe lina hatari ndani yake, kwa hiyo nimeliwekea somo la mwezi huu.

Tuanze na nafasi. Mashamba ya skimu yaliyotolewa tangu 1962 mengi yamekwisha gawanywa kwa watoto na wajukuu, na uwanja wa nyumba umekuwa mdogo: nyumba hapa, choo pale, tangi la maji, zizi, na njia katikati. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kushika kalamu ya ofisi, basi nitakupa zoezi. Piga kigingi mahali unapotaka mti. Funga kamba ya futi 6, ivute, zunguka nayo ukichora duara chini. Huo ndio upana wa mti mdogo ukisha komaa. Kama duara lagusa ukuta, bomba la maji au njia ya mkokoteni, sogeza kigingi.

Kosa la wengi ni kuchagua kwa kutazama mche ulio katika mkebe. Mjakaranda wa futi 2 wapendeza sana, lakini ukiachwa hupita futi 50. Kibobakasi, ule mti wa maua mekundu ambao Wazungu waliupa jina la Nandi, nao ni mkubwa vilevile, na matawi yake huvunjika kwa upepo. Hiyo ni miti ya kando ya barabara.

Sasa nafika kwenye jambo lililo kubwa zaidi. Iko miti miwili midogo, mizuri, ambayo huota upesi na hata mbuzi huiacha. Mmoja ni olianda, wenye majani membamba na maua mekundu au meupe. Wa pili ni ndugu yake mwenye maua ya njano mfano wa kengele, na mbegu ngumu ambazo watoto hupenda kuziokota na kuchezea. Yote miwili ina sumu ya moyo katika majani, mbegu na utomvu. Jirani yangu mmoja alipogoa olianda yake asubuhi, akatupa matawi nyuma ya seng'enge. Majani mabichi ni machungu, na ng'ombe huyaacha. Yakinyauka huyala, na sumu haipungui. Mtamba wake wa kwanza, mwenye mimba ya miezi saba, alikufa kabla ya daktari wa mifugo kufika. Maziwa ya mtamba yule ndiyo yaliyokuwa yakitegemewa kwa karo.

Kama miti hii iko kwako, ing'oe na kuizika mbali na malisho. Usiitumie kwa kuni, maana moshi wake nao una sumu. Mti wa maua marefu yanayoning'inia kama tarumbeta pia ni wa sumu. Usiupande penye watoto.

Upande nini basi? Kwa sehemu za baridi, mimi nachagua botolbrashi, mti uliotoka Australia, ambao ua lake lafanana na brashi nyekundu ya kuoshea chupa. Hustahimili baridi na ukame wa kiasi, na nyuki na ndege huupenda. Iko aina inayoinamisha matawi yake. Hiyo huwa kubwa zaidi, basi uliza kabla ya kununua.

Mahali pa joto na mvua chache, panda mkomamanga. Ua lake jekundu latosha kwa urembo, na tunda hulipa. Kata kijiti kigumu cha futi 1, kichomeke ardhini mpaka zaidi ya nusu, nawe umepata mche bila kununua.

Wengine huniuliza habari za kaliandra, yenye maua kama nyuzi nyekundu. Ni mti mzuri ila haupendi jalidi, na majani yake ni chakula cha ng'ombe: kilo 3 mbichi huweza kushika mahali pa kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Lakini mmoja mbele ya nyumba hautalisha ng'ombe; kumlisha mwaka mzima yahitajika kama miti 500. Tena ukiukata kila mara kwa ajili ya majani, hutaona maua. Ule wa mlangoni uache uchanue, na ya malisho uipande mpakani.

Chimba shimo la futi 2 kila upande kabla ya mvua. Udongo wa juu uweke kando, uuchanganye na debe moja la samadi iliyooza, kisha urudishe. Toa mche katika mfuko bila kuvunja udongo wa mizizi. Zungushia miiba, kwa kuwa mbuzi wa jirani hajui mpaka. Botolbrashi ipogolewe maua yakisha kukauka, ukikata nyuma kidogo tu ya ua. Ukikata kwenye mti mkavu usio na majani, tawi hilo huenda lisichipue tena.