Muuguzi Mpya Anapoitwa kwenye Usaili

Ndugu msomaji uliyemaliza masomo ya uuguzi na kuitwa kwenye usaili: vyeti vyako vimeshasomwa. Sasa wanataka kusikia utafanya nini mgonjwa akiwa mbele yako.

Mara nyingi utapewa mfano. Mama ameleta mtoto wa mwaka mmoja, kilo 10, anaharisha tangu jana. Wengi hukimbilia kutaja dawa. Usianze hapo. Sema utanawa mikono, utamsalimu mama na kumwuliza: ameharisha mara ngapi? Kuna damu kwenye choo? Anatapika? Ananyonya? Kisha mtazame mtoto. Macho yamebonyea? Ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole? Anakunywa kwa pupa? Akiwa amepungukiwa maji kiasi, atapewa ORS mililita 75 kwa kila kilo, yaani mililita 750, kidogo kidogo kwa saa 4, halafu apimwe upya. Zinki ataendelea nayo siku 10 hadi 14. Akiwa amelegea na hawezi kunywa, sema wazi: "Nitamwita mkubwa wangu mara moja." Wapo wanaoogopa kusema hivyo wakidhani wataonekana hawajui. Sivyo, anayejifanya anajua yote ndiye anayetia hofu.

Uliyesomea Kongo, eleza A1 au A2 yako ni miaka mingapi na mazoezi ulifanyia wodi gani, kwani huenda hawazijui ngazi hizo. Jizoeze na mwenzako, kwa sauti, kwa lugha utakayosailiwa. Aliyesoma kwa Kifaransa mara nyingi hukwama kwenye majina tu, si kwenye kazi yenyewe.