Tusasishe au Tuache? Somo kwa Kamati Zinazotunza Redio za Upepo Pemba

Wapendwa wanakamati wa parokia na wafadhili wetu,

Katika robo hii kamati zaidi ya moja zimetuuliza swali lilelile. Fundi amefika, amezikagua redio za upepo za kidijitali, na amesema kwamba programu iliyomo ndani yake ni ya zamani na kiwanda kimetoa toleo jipya. Je, tukubali aiweke, au tuziache redio kama zilivyo? Wafadhili nao wameuliza kwa upande wao kama gharama ya kazi hiyo ni ya lazima.

Swali hili lina sehemu ya ufundi, na sehemu hiyo tutaieleza kwa kifupi. Lakini uamuzi wenyewe ni wa kamati. Fundi akishamaliza kazi hupanda boti na kurudi kwake. Anayebaki na redio usiku ni muuguzi, nahodha na mgonjwa.

Kwa nini bado tunazihitaji redio

Simu za mkononi zimeenea Pemba, nasi tunazitumia kila siku. Hata hivyo, wenzetu wa Kojani, Fundo, Makoongwe na Kisiwa Panza wanajua kwamba mgonjwa wao huvuka maji kwanza kabla ya kuona gari la kumpeleka hospitali ya Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee iliyopo Mkoani. Simu humfikia mtu mmoja, tena akiwa na chaji na mtandao upo. Redio ya upepo ni kitufe kimoja, na wote walio kwenye chaneli husikia kwa pamoja: zahanati, boti, gari na ofisi.

Hatujasahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi ikiwa njiani kutoka Unguja kuja Pemba, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Wala hatujasahau Machi 2024, pale Kisiwa Panza, watoto 8 na mtu mzima 1 walipofariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine wengi wakalazwa. Redio peke yake haizuii misiba kama hiyo. Lakini katika saa za namna hiyo, habari inayochelewa nusu saa huwa na gharama kubwa. Redio hizi zinawahudumia watu wote wa vijiji vyetu, Waislamu na Wakristo, na masheha wengi wanazitegemea kama tunavyozitegemea sisi.

Ndani ya redio mna nini

Redio ya kidijitali ni kompyuta ndogo yenye antena. Hugeuza sauti kuwa namba, huzirusha hewani, na redio ya upande wa pili huzigeuza tena kuwa sauti. Ndani yake mna vitu viwili ambavyo kamati inapaswa kuvitofautisha.

Cha kwanza ni programu ya ndani, ambayo mafundi huiita femuwea. Hii hutoka kiwandani, na ndiyo inayoifundisha redio kufanya kazi. Cha pili ni mpango wa chaneli, ambao ni wetu wenyewe: masafa tuliyopewa kibali, majina ya chaneli, makundi ya wanaoongea, na namba ya rangi. Namba ya rangi, kwenye redio za mfumo wa DMR, ni namba kati ya 0 na 15 ambayo redio zote za kundi moja lazima zifanane nayo. Redio mbili zikiwa kwenye masafa yaleyale lakini namba za rangi zikatofautiana, hazisikilizani.

Kusasisha ni kubadilisha kile cha kwanza. Lakini kwa aina nyingi za redio, ukibadilisha cha kwanza unakigusa na cha pili, kwa sababu toleo jipya huweza kudai mpango uandikwe upya kwa programu mpya ya kompyuta. Tena kwa aina nyingi, redio ikishapanda toleo jipya si rahisi kuirudisha kwenye la zamani. Kwa hiyo kamati inayosema "ndiyo" iwe tayari kuishi na jibu hilo.

Kosa letu wenyewe

Tunaona ni haki tuwasimulie jambo lililotupata sisi, ili ninyi msilipitie.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na redio 9 katika mradi mmoja. Fundi alikuja kwa siku moja tu, nasi tukamwambia azisasishe zote, kwa kuwa alikuwa tayari amefika na nauli yake tulikuwa tumeshalipa. Hakuna mtu katika kikao aliyeuliza tunatibu ugonjwa gani. Redio zilikuwa zinafanya kazi.

Redio 7 zilikuwepo. Nyingine 2 hazikuwepo, kwa sababu boti ilikuwa imepandishwa pwani kukalafatiwa, na nahodha alikuwa na redio zake nyumbani kwao. Fundi alipoweka toleo jipya, mpango wetu wa zamani haukufunguka kwenye kompyuta yake. Sisi hatukuwa na nakala, wala kwenye karatasi. Akaandika mpango mpya, masafa yakawa yaleyale, lakini namba ya rangi akaweka 1 badala ya ile tuliyokuwa tukiitumia. Redio 7 zikajaribiwa pale ofisini, zikaitikiana vizuri, tukapiga makofi. Fundi akaondoka.

Baada ya wiki mbili, muuguzi wa zahanati alimwita nahodha usiku, saa tatu. Palikuwa na mama mjamzito anayetokwa na damu. Aliita tena na tena, hakuitikiwa. Alidhani nahodha amelala. Nahodha alikuwa macho, redio ikiwa kando yake. Alituambia baadaye kwamba aliona taa ndogo ikiwaka na kuzimika, akadhani betri inakwisha. Ilipofika karibu saa sita, kijana mmoja mvuvi alivuka kwa mtumbwi akagonga mlango wa nahodha. Mama yule alifika hospitali, naye na mtoto wake walipona. Tunamshukuru Mungu, na tunamshukuru kijana yule. Lakini zile saa tatu ni zetu sisi, hatuwezi kumtupia mtu mwingine.

Katika tukio hilo tulijifunza tabia moja ya redio za kidijitali. Redio ya zamani ikienda kombo ilikoroma, na kila mtu alijua kuna tatizo. Ya kidijitali ikienda kombo mara nyingi hunyamaza kabisa, na sisi tulidhani kimya kile ni amani.

Sababu za kutosha za kusasisha

Kwa uzoefu wetu, sababu zifuatazo zina uzito.

Kwanza, kuna kasoro mnayoiona wenyewe, na maelezo ya kiwanda yanasema toleo jipya linaiondoa. Mwombeni fundi awaonyeshe maelezo hayo na kuwasomea sehemu husika.

Pili, saa au mahali panapoonyeshwa na redio pamekosewa. Tarehe 6 Aprili 2019 hesabu ya wiki inayotumiwa na satelaiti za GPS ilifika mwisho wake wa wiki 1,024 na kuanza tena sifuri. Vifaa ambavyo programu yake haikuandaliwa viliweza kuonyesha tarehe isiyo ya kweli. Kama boti yenu hutuma mahali ilipo kwa redio, jambo la namna hii si dogo.

Tatu, usalama. Mwezi Julai 2023 watafiti wa Uholanzi walitangaza udhaifu katika redio za mfumo wa TETRA, ambao hutumiwa na polisi na huduma za dharura katika nchi nyingi. Baadhi ya kasoro zilirekebishwa kwa kusasisha programu, nyingine zilihitaji kubadilisha njia nzima ya kuficha mazungumzo. Huo si mfumo wa redio zetu nyingi, lakini unatufundisha kwamba programu ya ndani inaweza kuwa na tundu, na kiwanda kikilitangaza tusipuuze. Habari za wagonjwa ni siri yao.

Nne, mnaongeza redio mpya, nazo haziwezi kuelewana na za zamani bila matoleo kulingana.

Na zipo sababu zisizotosha: kwamba toleo ni jipya, kwamba parokia nyingine wamefanya, kwamba fundi yupo, au kwamba bajeti ya mwaka inakaribia kufungwa. Ikiwa hizo ndizo sababu zote mlizo nazo, andikeni katika kumbukumbu za kikao kwamba mmeamua kuacha, na mtaje tarehe ya kulitazama tena jambo hili.

Mkikubali, fanyeni hivi

1. Chukueni nakala kwanza. Mpango wa chaneli wa kila redio uhifadhiwe kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye diski nyingine, na uandikwe pia kwenye daftari: masafa, namba ya rangi, makundi. Nakala iliyo kwa fundi peke yake si nakala yenu.

2. Chagueni siku. Isiwe wakati wa masika, wala siku ambazo kusi inavuma kwa nguvu. Isiwe Ijumaa adhuhuri, wala jioni za Ramadhani, kwa sababu manahodha na wahudumu wengi hawatakuwa na nafasi ya kujaribu redio pamoja nanyi. Msimu wa kuchuma karafuu pia watu hutawanyika mashambani.

3. Hakikisheni umeme. Redio ikikatika umeme katikati ya kazi inaweza isiwake tena. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, lakini kukatika kupo. Kompyuta iwe na betri yenye chaji, na betri za redio zijazwe usiku uliotangulia.

4. Anzeni na redio moja isiyo ya zahanati wala ya boti. Itumieni kwa wiki moja. Ikiongea vizuri na zile za zamani, endeleeni.

5. Kusanyeni zote. Siku ya kazi kubwa redio zote ziwepo, pamoja na kituo cha kurudishia sauti kama mnacho. Isiyokuwepo iandikwe jina, na mwenye nayo aambiwe siku hiyohiyo kwa simu.

6. Jaribuni pale zinapotumika. Zahanati iite boti ikiwa majini, boti iite ofisi, gari liite zahanati. Jaribuni kitufe cha dharura. Kama redio zenu zina chaneli za mfumo wa zamani, zijaribuni nazo. Redio ya baharini yenye chaneli 16 ya dharura ibaki kwenye boti kama kawaida, kwa maana redio ya ofisi haichukui nafasi yake.

7. Angalieni kibali. Masafa yetu yanatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Baada ya kazi, masafa na nguvu ya kurushia viwe vilevile vilivyoandikwa kwenye leseni.

8. Fundi asiondoke siku hiyo. Mlipieni malazi ya usiku mmoja. Ni gharama ndogo kuliko kumwita tena kwa boti.

Na baada ya hapo, kila asubuhi pawe na mwito mfupi: zahanati inaita, kila redio inajibu kwa jina, mwandishi anatia alama daftarini. Sisi tulianza utaratibu huo baada ya usiku ule. Ungekuwepo mapema, tungegundua kosa letu asubuhi iliyofuata.

Neno kwa wafadhili

Tunawaomba msiione kazi hii kama ununuzi wa kitu kipya. Ombi la kamati likija, angalieni kama limetaja kasoro inayotibiwa, siku ya majaribio, nakala ya mpango na malazi ya fundi. Ombi lenye mambo hayo manne linastahili kuungwa mkono hata likizidi bei kidogo. Na kamati ikiwaandikia kwamba imeamua kutosasisha mwaka huu, msiihesabu kuwa imelala.

Neno la kutafakari

Katika Marko 2:21 Bwana wetu anazungumzia kiraka kipya kwenye vazi kuukuu, na jinsi kinavyoweza kulichana zaidi. Katika Luka 14:28 anazungumzia mtu anayeketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Hatudhani alikuwa akizungumzia redio. Lakini kuketi kwanza na kuhesabu ni wajibu wa kila kamati iliyokabidhiwa mali ya wote.

Maswali ya kujadiliana katika kikao

1. Redio zetu ni ngapi, na kila moja iko kwa nani leo?
2. Nakala ya mpango wa chaneli iko wapi? Nani mwingine anajua ilipo?
3. Ni lini mara ya mwisho zahanati na boti zilijaribiana usiku?
4. Kama redio zote zikinyamaza leo jioni, nani atajua kwanza, na atamwambia nani?

Tunawaomba mjibu maswali haya kwa maandishi na kuyaleta kwenye mkutano wa robo ijayo. Majibu ya kamati moja yanaweza kuwasaidia wengine.

Mungu awabariki katika utumishi wenu.