Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Familia Mpya na Duka la Jirani Ghala Baada ya Korona

Leo tunazungumzia maduka yaliyo hatua chache kutoka nyumbani kwako: duka la vyakula la pembeni, fundi cherehani, kinyozi, mkahawa wa chai na chapati, na mama anayepika vitumbua na sambusa kwa kuagizwa. Familia nyingi zinazofika Ghala hulijua duka kabla hazijamjua jirani hata mmoja. Hapo ndipo unaponunua maji siku ya kwanza na kuuliza basi linasimama wapi. Mara nyingi ndipo pia unapopata mkopo wa kwanza wa maisha yako mapya, ulioandikwa kwa kalamu kwenye daftari.

Ukimaliza somo hili utaweza kueleza mambo matatu: korona iliyaachia maduka madogo mzigo gani, duka la namna hiyo linaishi vipi, na familia yenye kipato kidogo inaweza kulisaidia kwa njia gani bila kujiumiza.

1. Yaliyopita kabla hujafika

Ghala iko katika wilaya ya Bawshar, mkoani Maskati, upande wa kusini wa barabara kuu ya Sultan Qaboos. Kuna makazi, na kuna eneo la viwanda lenye gereji, karakana na maghala. Kwa hiyo wateja wa maduka madogo ni wa aina mbili: familia zinazoishi hapa, na wafanyakazi wanaokuja kula, kunyoa na kununua vocha za simu.

Wagonjwa wa kwanza wa korona nchini Oman walitangazwa tarehe 24 Februari 2020. Tarehe 10 Aprili mwaka huohuo mkoa wa Maskati ulifungwa, na haukufunguliwa hadi 29 Mei. Hesabu tarehe hizo vizuri: Ramadhani yote na Idi al-Fitri viliangukia humo. Oktoba 2020 likaja zuio la kutembea usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 11 alfajiri. Kisha kuanzia 8 hadi 15 Mei 2021 shughuli za biashara zilisimamishwa nchini, isipokuwa vyakula, dawa, petroli, huduma za afya na vitu vinavyopelekwa majumbani. Idi al-Fitri ikaangukia humo tena. Zuio la usiku liliondolewa tarehe 21 Agosti 2021, na hatua zote zilizobaki ziliondolewa Mei 2022.

Mtu wa ofisini anaweza kuziona tarehe hizi kama historia. Fundi cherehani anaziona kwa namna nyingine. Mapato yake makubwa ya mwaka hutoka katika wiki za kabla ya Idi, kila nyumba inapotaka kanzu na magauni mapya. Idi al-Fitri mbili mfululizo zilipita ndani ya vizuizi. Harusi nazo zilizuiwa kwa muda mrefu, na harusi ndiyo inayomlisha fundi, mpishi na mkodishaji viti. Juu ya hayo, wafanyakazi wageni wengi waliondoka Oman mwaka 2020 na 2021. Baadhi yao waliondoka na majina yao yakiwa bado kwenye daftari la duka.

Janga liliisha, lakini madeni hayakuisha siku hiyohiyo. Machi 2020 Benki Kuu ya Oman ilitangaza nafuu iliyoruhusu wakopaji kuahirisha marejesho ya mikopo ya benki. Nafuu hiyo ilimfaa mwenye mkopo wa benki. Mwenye duka anayekopa kwa muuza jumla na kuwakopesha majirani hakuwa na mkataba wowote wa kuahirisha. Kilichombeba ni subira ya watu.

Jambo hili huenda si geni kwako. Kama ulikuwa Kampala, unakumbuka mwaka 2020 wanawake wauza vyakula walipotakiwa kulala sokoni ili biashara iendelee. Kama ulikuwa Goma, unakumbuka mpaka wa Gisenyi ulipofungwa, na wale waliovuka kila siku na beseni la mboga kichwani wakabaki hawana pa kuuzia. Kama ulikuwa Zanzibar, unajua yaliyowapata wauza vinyago na viungo watalii walipokoma kuja. Mwenye duka wa Ghala amepita njia hiyohiyo.

2. Duka dogo linaishi kwa nini?

Duka dogo linaishi kwa fedha inayozunguka. Leo linauza mkate, kesho linatumia fedha hiyo kununua mkate mwingine. Muuza jumla hapokei maneno mazuri, anataka fedha. Hata usafiri umebadilika: mwaka 2024 soko kuu la matunda na mboga lilihama kutoka Mawaleh, palipo karibu na Ghala, likaenda Khazaen upande wa Barka. Anayeleta nyanya na ndizi mtaani kwako sasa anazifuata mbali zaidi.

Tufanye hesabu ya mfano. Duka lina wateja 40 wa daftari, na kila mmoja anadaiwa riali 15. Jumla ni riali 600. Fedha hiyo ni mali ya duka, lakini haipo dukani. Rafu zikianza kuwa tupu, mteja wa fedha taslimu anakwenda kwingine, na duka linazidi kudhoofika.

Sasa tuseme mteja mmoja amehama bila kulipa riali zake 15. Kama faida ya duka ni baisa 100 katika kila riali 1 ya mauzo, basi bidhaa alizochukua mteja yule zilimgharimu mwenye duka riali 13 na baisa 500. Ili kuirudisha fedha hiyo kwa faida peke yake, lazima auze bidhaa za riali 135. Deni dogo la mtu mmoja linakula faida ya wateja wengi waaminifu.

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Mwenye duka haombi sadaka. Anahitaji mteja anayerudi na anayelipa siku aliyosema. Hayo mawili hata familia maskini inaweza kuyatoa.

3. Mambo matano unayoweza kufanya

*Kwanza, lipa daftari kwa tarehe.* Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Mshahara ukiingia, tenga fedha ya duka kabla ya matumizi ya hiari. Kama mwezi umekuwa mgumu, nenda mwenyewe kabla ya siku ya kulipa, mwambie ukweli, na utoe hata riali 3 au 5. Mteja anayekuja na kidogo anaaminika kuliko anayebadilisha njia ili asionekane. Weka na daftari lako nyumbani, uandike kila ulichochukua na bei yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari mbili zikilingana hakuna ugomvi.

*Pili, chagua bidhaa chache utakazonunua hapo daima.* Duka kubwa lina bei nafuu kwa gunia la mchele, mafuta ya kupikia na sabuni, nasi hatukwambii uache unafuu huo. Lakini mkate, maziwa, mayai na maji unaweza kuvinunua kwa jirani kila wiki. Ukihesabu nauli ya teksi kwenda duka kubwa kwa ajili ya mkate na maziwa tu, huenda ukaona jirani ndiye aliye rahisi. Mwenye duka akijua familia kumi zinachukua mkate kila asubuhi, ataleta mikate ya kutosha na haitaharibika.

*Tatu, agiza mapema.* Kwa fundi cherehani, peleka kitambaa mwezi wa Shaabani, usingoje kumi la mwisho la Ramadhani. Toa malipo ya awali, kisha omba karatasi yenye tarehe, kiasi ulicholipa na kilichobaki. Malipo hayo ya awali yanamsaidia kununua uzi na kumlipa msaidizi wake, na wewe unapata nguo iliyoshonwa kwa utulivu. Fanya hivyohivyo kwa anayeshona kofia kwa mkono, au anayepika mahamri na mkate wa kumimina.

*Nne, chukua risiti na uijue.* Tangu tarehe 16 Aprili 2021 Oman ina kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ya asilimia 5. Vyakula vingi vya msingi vinatozwa asilimia sifuri. Biashara ambayo mauzo yake kwa mwaka yanazidi riali 38,500 inalazimika kujisajili kwa kodi hiyo, na duka lisilosajiliwa halina ruhusa ya kukutoza. Ukiona VAT kwenye hesabu, tazama kama nambari ya usajili imeandikwa. Ukiona kosa, uliza kwa upole, kwani mara nyingi ni kosa la mashine. Likishindikana, iko Mamlaka ya Kulinda Watumiaji. Kusaidia duka si kukubali kudhulumiwa.

*Tano, peleka habari.* Duka dogo halina fedha za matangazo. Mjumbe wake ni wewe. Familia mpya ikifika, ionyeshe kinyozi mzuri na fundi mwaminifu. Ukiwa na lalamiko, anza na mwenyewe, uso kwa uso, kabla ya kulitangaza kwenye kundi la simu. Maneno ya dakika moja yanaweza kuua kazi ya miaka.

4. Mipaka ya wema

Msaada usiokuwa na mpaka huwatia hasara wote wawili. Shika haya:

Usikope dukani kwa ajili ya sherehe. Kukopa harusi, kulipa matanga. Daftari ni la chakula na mahitaji ya mwezi mmoja.

Usiache pasipoti wala kadi yako ya ukaazi kuwa rehani, hata kwa mtu unayempenda. Hati hizo si za kuwekea dhamana ya unga.

Usikubali biashara ya mtu mwingine iandikwe kwa jina lako, wala usiendeshe duka lako kwa jina la mwingine. Sheria ya Oman inakataza biashara ya namna hiyo iliyofichwa. Kama unataka kuanza kuuza chakula au nguo, uliza kwanza kama aina ya ukaazi wako inaruhusu, na kama leseni inahitajika. Wizara ya Biashara, Viwanda na Kukuza Uwekezaji ndiyo inayohusika.

5. Maneno unayoyajua tayari

Wapo wageni wanaoogopa kuingia duka dogo kwa sababu hawajui Kiarabu. Duka kubwa halikulazimishi kuzungumza, ndiyo maana wanalikimbilia. Jipe moyo. Maneno mengi ya biashara katika Kiswahili yametoka Kiarabu, nawe umeyabeba tangu utotoni:

duka ni *dukkan*. Daftari ni *daftar*. Deni ni *dayn*. Faida ni *faida*. Hasara ni *khasara*. Ghali ni *ghali*. Rahisi ni *rakhis*.

Ongeza neno moja tu, *bikam*, yaani "kwa bei gani?", na salamu ya kuanzia. Jaribu pia Kiswahili chenyewe. Waomani wengi walizaliwa au walilelewa Zanzibar, Kenya, Burundi, Rwanda au Kongo, na wengi walirejea Oman baada ya mwaka 1970. Unaweza kuanza na *salam alaykum* ukajibiwa na bibi aliye nyuma yako kwenye foleni, "Waalaykumu salaam, mwanangu. U hali gani?"

6. Zoezi la wiki

Kaeni nyumbani, wazazi na watoto, mjibu maswali haya:

1. Familia yetu inadaiwa dukani kiasi gani leo? Daftari letu na la duka yanalingana?
2. Ni bidhaa gani tatu au nne tutakazonunua kwa jirani kila wiki?
3. Tarehe gani ya mwezi tutakuwa tunalipa, na nani atapeleka fedha?
4. Ni fundi au mpishi gani wa mtaani tutakayemwagizia kabla ya Idi ijayo?
5. Tulikotoka, nani alitukopesha tulipokuwa hatuna? Tulimlipa vipi?

Swali la tano wapeni wazee walijibu, watoto wasikilize.

Kisha mmoja wenu aende dukani na fedha ya deni, yote au sehemu yake, na aangalie jina la familia likikatwa au kiasi kikipunguzwa mbele ya macho yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Dukani, mgeni anayelipa kwa wakati ndiye anayemponya mwenyeji. Haba na haba hujaza kibaba.