Kwa Nini Matunda Hutiwa Glasini na Si Chupani

Katika miinuko ya Tarime migomba hustawi, na yeyote aliyekamua ndizi mbivu akayaacha maji yake chunguni anajua kwamba baada ya siku moja au mbili yataanza kutoa mapovu. Ndivyo yalivyo pia maji ya nanasi yaliyosahauliwa mezani huko Mugumu, wilayani Serengeti. Mapovu hayo huuchangamsha ulimi, na kwa sababu hiyo watu wengi hutamani kuyahifadhi. Wazo la kwanza ni kukijaza kinywaji katika chupa na kukifunga barabara. Aghalabu kosa la wazo hilo hudhihirika usiku wa manane, chupa inapopasuka na vigae kutapakaa chumbani.

Hatari hiyo inaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi kabla chupa haijafungwa.

Mapovu hutokana na hamira, yaani vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukaa juu ya maganda ya matunda na pia huuzwa madukani kwa ajili ya kuumua mikate. Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha kati ya mwaka 1857 na 1860 kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai. Hamira inapokosa oksijeni ya kutosha huivunja sukari hivi:

C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Uzito wa molekuli ya glukosi ni 180, wa alkoholi ni 46, na wa kaboni dioksidi ni 44. Basi gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za gesi. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya sukari hugeuka kuwa gesi. Sukari ya mezani nayo hutoa kiasi kinachokaribia hicho.

Maji ya nanasi huwa na kiasi cha gramu 100 za sukari katika kila lita, na ya ndizi mbivu huweza kuzidi hapo. Sukari hiyo yote ikichachuka, lita moja itatoa gramu 50 hivi za gesi. Sasa, lita moja ya maji yenye joto la digrii 25 za Sentigredi huweza kuyeyusha gramu 1.5 tu za kaboni dioksidi pale kanieneo ya gesi hiyo inapokuwa sawa na ya hewa ya pwani. Ili gramu 50 zibaki ndani ya maji, kanieneo chupani yapasa kuzidi ile ya hewa zaidi ya mara 30. Chupa ya kawaida ya soda haikutengenezwa kustahimili hali hiyo.

Watengenezaji wa mvinyo wenye mapovu wa Champagne, huko Ufaransa, waliikabili hatari hii kwa njia ya hesabu. Kwanza huacha maji ya zabibu yachachuke mpaka sukari karibu yote iishe, na gesi iruhusiwe kwenda zake. Kisha huongeza sukari iliyopimwa, kiasi cha gramu 24 kwa lita, pamoja na hamira kidogo, ndipo hufunga chupa. Sukari hiyo ndogo hutoa kanieneo ya takriban mara 6 ya hewa, zaidi ya ile iliyomo katika gurudumu la motokaa, na kwa hiyo chupa zao hutengenezwa kwa kioo kinene sana. Yafaa izingatiwe: gramu 24, si 100.

Hapa ndipo inapoonekana sababu ya desturi ya kuchanganya matunda na kinywaji chenye mapovu wakati wa kunywa. Tunda lina sukari nyingi mno kufungiwa pamoja na hamira hai. Lakini likitiwa glasini, hamira haina nafasi ya kufanya kazi, na hata gesi ikitoka haina cha kuvunja. Mapovu hutoka katika chupa moja, ladha ya tunda katika chombo kingine, na viwili hivyo hukutana mezani.

Mchanganyiko huo nao una kanuni zake. Povu haliwezi kujijenga kwa urahisi katikati ya maji matupu. Huhitaji kiini cha hewa kilichonaswa katika uzi, vumbi au ufa mdogo. Nyama ya embe au papai imejaa nyuzi za namna hiyo. Ndiyo maana kinywaji chenye gesi kikimiminwa juu ya rojo ya embe hufoka na kumwagika, kisha hubaki kimepooza. Watoto waliowahi kutia kijiko cha sukari ndani ya soda wanaijua habari hii vizuri kuliko vitabu. Dawa yake ni kuchuja maji ya tunda kwa kitambaa safi, kuyatia kwanza glasini, kuinamisha glasi, na kumimina kinywaji chenye gesi polepole ubavuni.

Jambo la pili ni ubaridi. Katika digrii 0 lita moja ya maji huyeyusha gramu 3.3 za gesi, zaidi ya mara mbili ya ile ya digrii 25. Pasipo na jokofu, mtungi wa udongo husaidia, kwa kuwa maji yanayovukizwa kutoka ubavuni mwake huchukua joto. Vyote viwili, maji ya tunda na kinywaji chenye gesi, vipozwe. Kupoza kimoja tu ni kazi bure.

Wanafunzi hawahitaji mvinyo ili kujifunza haya, na sheria ya Tanzania hairuhusu auziwe pombe mtu asiyetimiza miaka 18. Maji ya nanasi au ya pasheni yaliyochujwa, sehemu moja kwa sehemu tatu za maji yenye gesi ya kiwandani, yatatosha. Wengine hupendelea bikaboneti ya sodiamu na ndimu. Gramu 4 zake hutoa gramu 2 za gesi zikipata kiasi cha mililita 60 za maji ya ndimu, ila ladha ya chumvi hubaki. Magadi yanayochotwa maziwani, kama yale ya Natron, yasitumike, kwani aghalabu huwa na floridi nyingi inayodhuru meno na mifupa.

Kwa watu wazima watumiao mvinyo, ifahamike kwamba maji ya matunda hayapunguzi pombe bali huitawanya. Mililita 150 za mvinyo wa asilimia 12 zikichanganywa na mililita 150 za maji ya nanasi, kinywaji huwa cha asilimia 6, lakini alkoholi iliyomo glasini ni mililita 18 zile zile. Utamu huificha tu.

Zoezi la darasani. Chukua chupa mbili za plastiki zenye nusu lita ya maji ya nanasi yaliyochemshwa na kupoa. Tia nusu kijiko cha chai cha hamira katika moja tu. Funika midomo ya zote kwa kitambaa, usizifunge kwa vifuniko, kisha uzipime kwenye mizani leo na kesho. Chupa isiyo na hamira itaonyesha uzito uliopotea kwa mvuke. Utoe katika upungufu wa ile nyingine, na kinachobaki ni gesi iliyotoroka. Ikiwa gesi hiyo ni gramu 2.2, je, ni gramu ngapi za alkoholi zimezaliwa ndani ya chupa? (Jibu: 2.3.) Baada ya kupima, maji hayo yamwagwe.