Kijana, Wataka Kazi ya Eksirei?

Mkazi wa Manda akivunjika mguu huvushwa kwa mashua hadi Lamu kupigwa picha. Kijana anayetamani kazi hiyo ashike sana fizikia na baiolojia. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya (KMTC) hutoa stashahada ya miaka 3. Daktari bingwa wa kuzisoma picha ni mwingine: huyo husomea udaktari kwanza.

Miale ya eksirei, aliyoigundua Wilhelm Röntgen mwaka 1895, haionekani wala haiumi, lakini yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, si miale hiyo. Kwa hivyo, kabla ya kubonyeza kitufe, mwanafunzi azoee kumwuliza kila mwanamke wa umri wa kuzaa: “Mama, u mjamzito?”