Je, Ni Kweli Kware Haugui?

Kware, ambaye Waluo humwita aluru, si mgeni katika sehemu za Rodi Kopany, Homa Bay. Tangu zamani wategaji wa Nyanza hutundika vikapu vyenye aluru waimbao juu ya miti mirefu, na wenzao wa porini wakisikia sauti hujileta mtegoni.

Waliokimbiliwa na wafugaji wa mijini mwaka 2013 walikuwa aina nyingine, kware wa Kijapani. Uvumi ukaenea: eti ndege huyu haugui, na waweza kurundika mamia katika kizimba kimoja. Biashara iliporomoka mwaka 2014, lakini imani hiyo bado twaisikia. Leo tuipime.

Imani ilitoka wapi?

Kware hukua upesi. Yai huanguliwa kwa siku 17 au 18, na jike huanza kutaga akiwa na wiki 6 au 7. Mfugaji huuza kabla ya kuona mengi. Isitoshe, ndege huficha udhaifu wake. Kuonekana mzima si kuwa mzima.

Ugonjwa wenye jina lake

Upo ugonjwa wa vidonda vya matumbo ambao hapo mwanzo uliitwa “ugonjwa wa kware”, kwa jinsi unavyomwua. Bakteria wake hutoka na kinyesi, huingia kwa chakula na maji, na hudumu udongoni kwa muda mrefu. Makinda waweza kwisha kwa siku chache. Wengine hufa wangali wanene, bila dalili yoyote.

Msongamano hauzai bakteria hao, huwasambaza. Pia hewa huchafuka kwa harufu kali ya mkojo na kinyesi, na ndege huanza kudonoana hadi damu.

Ufanye nini?

Futi 1 mraba yatosha kware 5 hivi. Kizimba cha futi 3 kwa 2 basi ni cha kware 30, si 100. Lakini hesabu pekee haitoshi: hata 30 wataugua wakikanyaga kinyesi cha juzi. Weka sakafu ya waya, ondoa uchafu kila siku, ruhusu hewa ipite. Wageni watenge kwa wiki 2 au zaidi, na usiwachanganye na kuku.

Akifa mmoja ghafla, mpeleke kwa daktari wa mifugo achunguzwe. Usikoroge vidonge vya binadamu katika maji yao. Hivyo ndivyo viini hujifunza kuzishinda dawa zetu.

Na wewe mlaji?

Wengi walikunywa mayai ya kware mabichi wakiamini yanatibu kisukari na shinikizo la damu. Ni chakula kizuri, si dawa, na yaweza kubeba salmonela kama ya kuku. Yachemshe yaive, na usiache dawa ulizopewa na daktari.

Jiulize: kizimba chako kina kware wangapi, na ulikisafisha lini?